Nashindwa kusema alhamdulillah kwa mguu wangu uliokatwa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 43, naishi Ngamiani hapa Tanga. Kazi yangu ni kushona. Nilikaa kwenye cherehani mara ya kwanza nikiwa na miaka 17, kwa marehemu mama yangu mdogo, na tangu hapo sijafanya kazi nyingine. Sukari niligunduliwa nayo miaka sita iliyopita. Vidonge nilikuwa nameza, siku nyingine nasahau, wewe wajua mambo ya nyumbani.

Mwezi wa Rajabu nilikanyaga sindano ya cherehani, kipande kilichovunjika, mle mle chumbani kwangu kwa kazi. Wallahi sikusikia kitu. Siku ya tatu au ya nne binti yangu akaniuliza, "Mama, mbona kandambili yako ina damu?" Nikafunga kitambaa nikaendelea, maana nguo za Idi zilikuwa zimeshaanza kuingia. Nilipofika hospitali kidonda kilikuwa kimeoza kwa ndani na weusi umepanda. Tarehe 27 Shaabani wakanikata mguu wa kulia, chini ya goti.

Wateja wakaja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao. Wengine nilikuwa nimeshawakatia, wakavibeba hivyo hivyo vipande vipande. Siwalaumu, Idi haimngoji mtu. Lakini kila furushi lilipotoka mlangoni niliona kama nakatwa upya.

Sasa Shangazi, mguu ni shida moja, maneno ni nyingine. Kila anayeingia ananiambia, "Sema alhamdulillah." "Mshukuru Mungu hukufa." Wifi yangu ndiye amezidi. Amesoma, hadithi anazijua. Alinikuta nalia, akaniambia subira ni ile ya pigo la kwanza, na mimi pigo la kwanza nililia wodi nzima ikasikia, kwa hiyo thawabu zangu nimeshazimwaga. Akanihadithia kisa cha Urwa bin Zubeir, aliyekatwa mguu na safari hiyo hiyo mwanawe akafa, naye akashukuru kwamba alikuwa na viungo vinne, kimechukuliwa kimoja vimebaki vitatu. "Na wewe je?" akaniuliza.

Nimejaribu. Nasema alhamdulillah kwa mdomo, moyo unaniambia, mwongo we. Nikaona bora ninyamaze kuliko kumdanganya Mwenyezi Mungu. Sasa hata sala naziona nzito. Darsa letu la akina mama la Alhamisi sijaenda tangu nitoke hospitali, na wenzangu waliotaka kunifuata na bajaji nimewakatalia. Mume wangu, Mungu amjaalie, ananibeba hadi bafuni na kuniogesha, halalamiki hata siku moja. Angelalamika ingekuwa nafuu, ningepata pa kugombania.

La mwisho linanitia aibu. Mguu tulikabidhiwa, kaka yangu akauchukua umeviringishwa kitambaa cheupe akaenda kuuzika makaburini. Mzee mmoja jirani akamwona na jembe begani na kifurushi kwapani, akadhani ni kitoto kichanga. Akamfuata. Akasimama pembeni kwa adabu, akainua mikono akaomba dua, kisha akamshika kaka mkono na kumpa shilingi 5,000 za rambirambi. Kaka akamweleza kuwa huu ni mguu wa dada yangu, yeye mzima yuko wodini. Mzee akafikiri kidogo, akasema, "Basi na uende kwa amani, pesa ikishatoka haina mlango wa kurudi." Kaka alipokuja kunihadithia nilicheka, Shangazi. Nilicheka mpaka mshono ukauma na nesi akaja kutazama kuna nini. Usiku nikajilaumu. Mtu aliyepoteza mguu anacheka nini? Kushukuru siwezi, kucheka naweza. Hii imani yangu ina kasoro gani?

Fundi wa Ngamiani, Tanga

*

Marahaba mwanangu. Pole ya mguu, pole ya cherehani iliyonyamaza msimu wa Idi, na pole ya wageni.

Nianze na wifi yako, maana naona yeye ndiye aliyekukaa kifuani. Hadithi aliyokutajia ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim. Ila ameshika mkia wake tu. Mtume (s.a.w.) alimpita mwanamke analia kaburini, akamwambia amche Mungu na asubiri. Yule mama, hakumtambua, akamjibu: niondokee, hujafikwa na msiba kama wangu. Mtume akaondoka. Hakusimama kumhesabia makosa ya kumjibu vile, wala hakumwambia machozi yake yameharibu kitu. Baadaye yule mama alipoambiwa ni nani aliyemfukuza, akaenda mwenyewe mpaka mlangoni kwake, hakukuta bawabu, akaomba radhi. Hapo ndipo likaja neno la pigo la kwanza. Mimi kila nikiisoma hadithi hii nasimama kwenye lile neno dogo, kwamba aliambiwa aondoke akaondoka. Wageni wa wagonjwa wangelijua hilo, tungepona haraka.

Na subira yenyewe, wanavyuoni wameieleza kuwa ni kuuzuia moyo usimchukie Mola, kuuzuia ulimi usiikatae kadari yake, na kuizuia mikono isijipige mashavu wala kurarua nguo. Machozi hayamo. Nabii Yaakub ndiye aliyesema "subira njema" walipomletea kanzu ya Yusuf yenye damu ya uongo, na ni huyo huyo ambaye, katika sura hiyo hiyo, macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Wanawe walipomwambia atajiua kwa kumkumbuka Yusuf, akawajibu kwamba huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Kushitaki kwa Mungu na kumshitaki Mungu ni vitu viwili. Wewe ulipolia wodini ulikuwa unamshitakia nani? Wodi ilisikia tu, mashitaka hayakuwa yake. Mtume mwenyewe alipofiwa na mwanawe Ibrahim alisema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Machozi na radhi za Mola katika pumzi moja.

Sasa hili la kushukuru. Kuna ngazi, na watu wanaokuja kukuona wamezichanganya. Kusubiri ni wajibu. Kuridhika, yaani moyo ukatua juu ya msiba wenyewe kana kwamba hakuna kilichopungua, wanavyuoni wengi, wakiwemo Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, wameliweka katika yanayopendekezwa, hawakulifanya lazima. Kuushukuru msiba kwa kuuona ni neema kupo juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwanangu, wanakudai tahajudi, sala ya usiku isiyo ya lazima, na wewe bado unatafuta pa kukaa uswali Adhuhuri. Urwa bin Zubeir alikuwa miongoni mwa wanavyuoni wakubwa wa Madina, mama yake ni Asmaa binti Abubakar, kalelewa kwenye elimu tangu hana meno. Kisa chake tunakihadithia ili tujue mja anaweza kufika wapi. Hakikuwekwa kiwe futikamba ya kumpimia fundi aliyetoka chumba cha upasuaji juzi. Tena yale maneno ya viungo vinne aliyasema mwenyewe kwa hiari yake, hakuna aliyekuja kumwekea mdomoni.

Hapo nimekutetea. Sasa nikukosoe.

Umesema umenyamaza kwa sababu hutaki kumdanganya Mwenyezi Mungu. Sikubaliani nawe, na nadhani hapa ndipo ulipojifungia mlango mwenyewe. Alhamdulillah haina maana ya "nimefurahi kukatwa mguu." Maana yake ni sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Hilo ni neno juu yake Yeye, si ripoti ya hali ya moyo wako siku hiyo. Ibn Majah amepokea kutoka kwa Bibi Aisha kwamba Mtume (s.a.w.) akiona analolipenda alisema, sifa njema ni za Mwenyezi Mungu ambaye kwa neema yake mema hutimia. Akiona analolichukia alisema, alhamdulillahi ala kulli hali, sifa njema ni zake kwa kila hali. Umeiona tofauti? Maneno hayakuwa yale yale. Lililomuuma hakulipaka rangi ya lililompendeza. Basi wewe ile ya kwanza iache kwa sasa, chukua ya pili. Hiyo unaweza kuisema na kigutu kikiuma na moyo usiwe na la kukusuta.

Nami nakwambia kwa kujua. Jicho langu la kushoto liliondoka kwa presha ya macho nikiwa na miaka 52. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa namimina chai pembeni ya kikombe, maana mwenye jicho moja hajui vitu viko umbali gani. Nilikuwa na hasira ya kuvunja birika. Siku moja nikagundua kwamba chai haimwagiki tena, nikajisifu kwamba nimeshazoea. Kumbe mjukuu wangu wa miaka minne alikuwa anakaa kimya mezani na kukisogeza kikombe kuifuata chai. Nilipomkamata akasema, "Bibi, kikombe kilikuwa kimekosea." Siku hiyo nilisema alhamdulillah na moyo wote ukaitika. Sikushukuru kwa jicho, mwanangu. Nilishukuru kwa mtoto yule na kikombe kile. Jicho hadi leo nalililia, hasa nikialikwa arusi na upande mzima wa ukumbi siuoni mpaka nigeuze shingo kama bundi.

Ndiyo maana kicheko chako kimenishika kuliko yote uliyoandika. Sisi watu wa pwani tumezoea kusema baada ya dhiki faraja, na neno hilo lina asili yake, Sura ya At-Talaq inasema Mwenyezi Mungu atajaalia baada ya dhiki wepesi. Lakini katika Sura ya Ash-Sharh neno ni jingine: hakika pamoja na uzito upo wepesi. Pamoja na. Na limerudiwa mara mbili mfululizo, kana kwamba Mola anajua tutasikia "baada ya." Sisi tunakaa kibarazani tunangoja dhiki itoke ndipo faraja iingie, na faraja imeshaingia zamani kwa mlango wa uani, imebeba jembe na kifurushi. Wewe ulicheka mshono ukiuma. Sijui mfano mwingine wa hiyo "pamoja na" ulio wazi kuliko huo.

Umeuliza mtu aliyepoteza mguu anacheka nini. Katika Sura ya An-Najm imeandikwa kwamba ni Yeye ndiye anayechekesha na anayeliza. Kuchekesha kumetangulia. Kile kicheko hukujitengenezea, ulipewa, ukiwa umelala chali na dripu mkononi, kwa mkono wa mzee asiyejua anamzika nani. Sioni kasoro ya imani hapo. Ninaloona ni kwamba ulipewa kitu usiku ukakirudisha. Kikija kingine usikirudishe.

Nije kwenye mguu wa kushoto, maana huu uliobaki ndio wenye haki kwako sasa. Mwenyezi Mungu aliwaambia watu wa Daudi wafanye kazi kwa kushukuru. Shukrani imetajwa kama kazi ya mikono, na wewe ni mtu wa kazi, utaielewa hivyo kuliko kuambiwa utabasamu. Sindano ile hukuisikia kwa sababu sukari ikikaa juu muda mrefu inaua mishipa ya fahamu ya miguuni, na damu nayo inafika kwa shida, kwa hiyo kidonda hakiumi na hakiponi. Mguu wa kushoto una hali hiyo hiyo. Kila usiku uangalie chini na kati ya vidole. Usipoweza kuuona unyayo, weka kioo sakafuni, au mwite binti yako mwenye macho ya kandambili. Ukauke vizuri kati ya vidole baada ya kuoga. Maji ya moto yapimwe kwa kiwiko, usipime kwa mguu. Kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Peku usikanyage hata hatua moja, hata kwenda uani. Na chumba cha kazi kipitishwe sumaku sakafuni kila jioni, imefungwa kwenye kijiti. Mafundi wengi wanayo, nawe ulitakiwa kuwa nayo tangu una miaka 17, lakini tusizungumzie hayo. Vidonge, mwanangu, hakuna tena siku ya kusahau.

Kigutu nacho usikilalie na mto chini ya goti kutwa, goti likizoea kukunja halitakunjuka vizuri, na mguu wa bandia unataka goti linalonyooka. Kidonda kikipona na uvimbe ukipungua, waulize hospitali yako juu ya rufaa ya mguu wa bandia. Pale Muhimbili, taasisi ya mifupa ya MOI wanatengeneza, na Moshi, hospitali ya KCMC, kuna chuo cha mafundi wa kazi hiyo, TATCOT, tangu 1981. Wakati unangoja, cherehani ya miguu inaendeshwa hata kwa mguu mmoja, ukizoea. Inafungwa mota pia kama umeme upo. Anza na kupindisha khanga, hazina makato wala hazina Idi.

Kuhusu ibada umejitwisha zaidi ya ulivyotwishwa. Mtume alimwambia Imran bin Huswein, aliyekuwa mgonjwa, aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Kwenye udhu, sehemu iliyokatwa imeondoka na wajibu wake. Na katika Bukhari imo kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa yale aliyokuwa akiyatenda akiwa mzima yuko mjini. Kwa hiyo zile Alhamisi za darsa ulizozikosa ukiwa mgonjwa, kwa rehema zake zinaandikwa. Hiyo si ruhusa ya kuwakatalia wenye bajaji mpaka Muharamu. Nenda, hata ukae nyuma usiseme kitu.

Mume wako mwache abebe. Unatafuta ugomvi kwa sababu mgonjwa akigombana anajiona bado ana nguvu, nakufahamu sana. Lakini naye amepatwa, hakuna anayemwuliza, na kukuogesha ndiyo njia yake ya kulia. Mara moja moja mwambie maji leo yalikuwa mazuri. Inatosha.

Na wifi, akija tena na Urwa, mwambie kwa upole, "Wifi, kisa nimekisikia, sasa nisaidie kutunga uzi." Mpe sindano mkononi. Mtu mwenye kazi mkononi huhutubia kidogo, na huenda ukagundua kwamba naye alikuwa anaogopa tu, hakujua la kusema mbele ya shuka iliyobonyea upande mmoja.

Kuna jambo moja sitaki ulipe jina la imani haba. Hukuniandikia kama unalala na kula. Ikiwa usingizi umekukimbia wiki kadhaa, chakula hakipiti, au linakujia wazo kwamba bora ungezikwa mzima na si mguu tu, hayo mwambie daktari kliniki ya sukari kama unavyomwambia kipimo cha damu, na usingoje siku ya miadi. Ni ugonjwa, una matibabu, na Nabii Ayubu alipomwita Mola wake alianza kwa kusema wazi kwamba amepatwa na madhara.

Niandikie ukishapindisha khanga ya kwanza. Kaka yako msalimie sana, na yule mzee vilevile. Tena nina swali, na nisipojibiwa sitalala: ile elfu tano ya rambirambi mliifanyia nini?

Shangazi